Kitabu cha Mkono Mmoja

Jumatatu, 8 Januari

Leo Mama Estelle ametuita sote kabla hatujavua hata makoti ya mvua. Yeye ndiye mwenye imprimeri hii, yaani kiwanda chetu cha uchapaji, na akiwa na la kusema hakai. Anazunguka kati ya mashine akigusa hiki na kile. Amesema kalenda za Desemba zilichelewa, wateja walimtukana mbele ya watu, na kosa ni la chumba changu.

"Chola anachapa mbio," alisema, akimnyooshea kidole fundi wa mashine ya kuchapa. "Lévi anatosha montage yake mbio. Kisha bintu binafika kwa Chilufya, binalala pale sawa bagonjwa."

Chilufya ni mimi. Chumba changu ni cha kumalizia: humo karatasi zilizochapwa hukunjwa, hushonwa, hubandikwa jalada na kukatwa. Tuko watatu, mimi, Papa Damien anayeshona na Nono anayekunja.

Kumeingia kazi kubwa, kitabu cha nyimbo cha korali, yaani kwaya, za parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wanakitaka Jumapili ya Matawi. Mama Estelle amesema wazi: tukichelewa, Pasaka ikipita atauza mashine yetu ya kukatia, ataweka mashine ya pili ya kuchapa chumbani mwetu, na vitabu vyote vitakuwa vinapelekwa Ndola, ng'ambo ya mpaka, kushonwa. Papa Damien aliinamia mikono yake. Nono alianza kulia kimyakimya, kwa sababu anajenga huko Ruashi na nyumba haijapata mabati.

Mimi sikulia. Mimi nilipandwa na hasira, na hasira yangu huwa inaongea.

"Mama, bintu binalala kwangu juu binafikaka bigonjwa," nilimwambia. "Marge za pembeni hazifanane, karatasi zimepinda, hakuna hata alama ya kukunja. Unipe hii kazi tangu mwanzo, mbele Lévi hajafungula ordinateur. Nikichelewa, uuzishe ile massicot, na miye mwenyewe nitasaidia kuibeba."

"Tangu mwanzo wapi?"

"Tangu karatasi mweupe."

"Sawa," alisema. "Kesho usikuye kuniambia kama sikukupa."

Ndiyo maana nimeanza kuandika hapa. Sitaki mtu aje anisimulie baadaye yale ambayo sikuyasema. Niliyoyasema nimeyasema, na nitayafanya.

Jumanne, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Rundo la karatasi la Chola limevimba pembeni kwa unyevu. Nimecheka tu: ndivyo karatasi zinavyofika kwangu zimepinda.

Alhamisi, 11 Januari

Lévi ndiye anayefanya montage, yaani kupanga kurasa kwenye ordinateur, kompyuta yake. Alikuja kutoka Butembo akiwafuata kaka zake wanaouza bidhaa kwa jumla, biashara ikamchosha, akaja kwetu. Ana ndevu nzuri na masikio yaliyozibwa na muziki kutwa nzima. Miaka mitatu tumegombana kupitia ukuta.

Leo nimemwambia abebe kiti chake aje akae nasi hadi jioni. Amekuja akinuna. Nono amempa karatasi akunje. Ya kwanza imemwendea vizuri. Baadaye kidogo nikaona anaigeuzageuza karatasi mwangani, anatafuta kitu.

"Mama Chilufya, unajuaka aje penye kukunja?"

"Napimaka."

"Kila karatasi?"

"Kila karatasi."

Aliweka kazi chini. "Sasa juu ya nini haukunilombaka alama? Kuweka alama iko kazi ya dakika mbili!"

Miaka mitatu nimemsema Lévi nyumbani, kanisani, hata kwa mama anayetuuzia mikate mlangoni. Yeye mwenyewe nilikuwa nampigia kelele tu kwamba kazi yake ni mbaya, bila kumwambia ninachotaka. Nilikasirika sana, na sijui nilimkasirikia nani.

Jioni tumeelewana. Kila karatasi kubwa itakuwa na vistari pembeni, pale pa kukunja. Na kila kaye, yaani karatasi kubwa ikishakunjwa ikawa kurasa za kitabu, itakuwa na alama nyeusi mgongoni, na ya kaye inayofuata itakuwa chini kidogo ya ile iliyotangulia. Kaye zikipangwa pamoja, alama zinashuka kama ngazi. Ikikosekana moja, au moja ikiingia mahali si pake, ngazi inavunjika na jicho linaona palepale. Papa Damien, ambaye amehesabu kurasa kwa kidole chenye mate maisha yake yote, aliuliza kwa huzuni kidogo:

"Na miye sasa nitahesabu nini?"

"Utahesabu bitabu, Papa," alisema Lévi. Papa Damien alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Jumatano, 17 Januari

Zamu ya Chola. Nimemwomba apige rangi nyekundu upande ule mashine yake inaposhikia karatasi, ili na sisi tukate kila rundo tukianzia upande huohuo. Nimemwomba pia achape kaye kwa mfuatano, na kila rundo alinyooshe na kulifunika kwa plastiki.

"Mashini yangu haiko mutoto ya masomo, mama."

Nimemwahidi bowa wa Kipushi, yaani uyoga, wale wakubwa ambao shangazi yangu huwatafuta porini mvua zikikolea. Amesema atafikiria.

Ijumaa, 19 Januari

Bowa wamefika. Rangi nyekundu nayo imefika.

Jumatatu, 29 Januari

Leo nimetengeneza maquette, kitabu kitupu, karatasi nyeupe tu, chenye unene na ukubwa uleule wa kitabu kitakachokuja. Nilitaka nijue kila kitu kabla ya tone la wino.

Kulikuwa na njia mbili za kupanga kurasa. Zikisimama, karatasi moja inabeba kurasa kumi na mbili na kubakiza utepe wa kutupa. Zikilala, inabeba kumi na sita kamili. Nimechagua zilale. Kitabu kinakuwa na kaye kumi badala ya kumi na nne. Kukunja kunapungua, kushona kunapungua. Lévi alifurahi, Nono alifurahi zaidi. Papa Damien alishona maquette ile asubuhi, tukaibandika jalada, tukaiweka chini ya uzito, na baada ya chakula nikaikata pande tatu. Ilitoka laini, imenyooka, safi kabisa.

Nimempelekea Mama Estelle. Ameifungua juu ya meza kwa mikono miwili, akaifunga, akaifungua tena.

"Tutaona," alisema. Kwa Mama Estelle hayo ni maua na ngoma. Nimerudi nyumbani nikiimba njia nzima, nikala bukari na vitoyo, yaani ugali na samaki wakavu wa chumvi, kama mtu aliyetoka shambani.

Ijumaa, 9 Februari

Papa Mwenze, kiongozi wa korali, amebadilisha tena mpangilio wa nyimbo. Lévi amevumilia. Mwezi uliopita angevunja kiti.

Jumatatu, 19 Februari

Tumeanza kuchapa! Kaye ya kwanza imefika kwangu ikiwa imenyooka, imefunikwa, nyekundu upande mmoja. Nono anakunja akifuata vistari na hapimi chochote. Imefika saa ya chakula tumemaliza tulichozoea kumaliza jioni. Chola amechungulia mlangoni mara mbili kuona kama tunadanganya.

Alhamisi, 22 Februari

Kaye tatu zimekwisha. Mvua kubwa, umeme umekatika, tumekunja karibu na dirisha. Nina furaha na sioni aibu kuiandika.

Jumamosi, 24 Februari

Naandika mkono ukiwa mzito.

Papa Mwenze alinialika mazoezini Katuba. Nilibeba maquette ili wanakorali waone ukubwa wa kitabu chao. Kwa kweli nilienda kusifiwa, basi. Nilivaa hata kitenge changu kipya, nikakitia matope mekundu yote ya barabara ile.

Waliimba wimbo wa maandamano. Korali za kwetu haziimbi zikiwa zimesimama kama nguzo. Mwili wote unaimba. Hatua mbili mbele, moja nyuma, kiuno kinaitika, mkono mmoja unapunga kitambaa. Kitabu kinabaki kwa mkono mmoja. Nimeyaona hayo tangu nilipokuwa mgongoni mwa mama yangu, na bado sikuyafikiria hata siku moja nilipokuwa mezani na rula yangu.

Mama mmoja mnene wa sauti ya kwanza ndiye aliyepewa maquette. Aliifungua katikati, akaanza kucheza, na kitabu kikajifunga. Akakifungua kwa kidole gumba. Kikajifunga tena, kikambana kidole. Akakikandamiza kifuani, akashikilia kwa kidevu, na wenzake wakaanza kucheka huku wakiimba. Mwisho alitoa kibanio cha nywele kichwani akakibana nacho. Kumbe hata kurasa zilikuwa zimejikunja mawimbi karibu na mgongo, kwa sababu ya unyevu wa njiani.

Papa Mwenze ni mtu mpole. Alinisindikiza hadi barabarani.

"Kitabu iko muzuri, mama. Tutazobelea tu. Tutauza bibanio."

Watazoea! Watanunua vibanio! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 25 Februari

Sikusikia neno la padri. Baada ya misa nimekaa jikoni na karatasi ileile tunayochapia. Nimeichana kwenda chini, ikachanika moja kwa moja. Nimeichana kwenda pembeni, ikaleta meno. Nimeilowesha kipande, ikajiviringa kuelekea upande mmoja tu. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Fundi yeyote wa vitabu analijua hilo. Nyuzi zikienda sambamba na mgongo wa kitabu, kurasa zinalala. Zikiukata mgongo, kurasa zinasimama na kugoma. Nilipolaza kurasa ili tuwahi, nilizigeuza nyuzi. Nilijua, lakini mezani kitabu kilifunguka, kwa sababu nilikifungua kwa mikono miwili.

Sasa niseme ukweli wote. Nikinyamaza, tutawahi. Papa Mwenze amekubali, Mama Estelle haendi Katuba, na chumba changu kimepona. Nikisema, kaye tatu zilizochapwa zimeharibika, karatasi haitoshi, na Ndola inatungoja. Nimeyageuza mawazo haya mchana kutwa. Nono na mabati yake. Papa Damien, nani atampa kazi nyingine?

Halafu namwona yule mama na kibanio chake. Watu watacheka kila Jumapili, miaka na miaka, na kitabu kitakuwa na jina la imprimeri yetu nyuma. Huo ndio utakuwa ushahidi kwamba Lubumbashi hatujui kushona kitabu. Hapana. Siwezi.

Jumatatu, 26 Februari

Nilimwambia Mama Estelle kabla hajaweka mkoba wake. Nilimpa maquette.

"Mama, imba na uchezeke. Kwa mukono moya."

"Chilufya, uko na homa?"

"Fanya tu, Mama."

Amecheza. Mama Estelle, na viatu vyake vya kisigino, hatua mbili mbele na moja nyuma, ofisini kwake. Kitabu kikambana. Akajaribu tena, kikambana tena. Akakitupa mezani.

"Nani njo alichagua vile?"

"Ni miye."

"Haiko Lévi?"

"Miye peke yangu."

Alipiga kelele, na nilistahili. Alisema nilitaka kazi tangu karatasi nyeupe, nimepewa, na hii ndiyo shukrani. Alisema tarehe haisogei, Ndola ipo palepale, na neno lake la Januari ni lilelile. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kaye zitakuwa kumi na nne, nami nitafika Jumapili ya Matawi, kwa sababu sasa kazi inafika kwangu ikiwa nzima.

"Na karatasi utatosha wapi?"

Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Halafu nikamsikia akimpigia yule mwenye imprimeri ya jirani, mtu ambaye hawajasalimiana tangu waibiane mteja. Alimwita "ndugu yangu". Alimwomba karatasi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini kabisa. Alipomaliza hakunitazama.

"Enda kutumika," alisema.

Nilikuwa nafikiri huyu mama anatafuta tu sababu ya kutufukuza. Leo sifikiri hivyo tena.

Jumanne, 27 Februari

Lévi amepanga upya kurasa zote zikiwa zimesimama. Nilidhani atanisema. Amesema tu, "Sasa Mama Chilufya, na weye unakoseaka? Asante Mungu, nilikuwa naanza kuogopa." Ameketi nasi tukakunja maquette mpya, safari hii mara tatu kwa upana kisha katikati. Vistari vyake viko mahali pake. Kurasa zimekuwa nane zaidi ya nyimbo zilizopo. Tumeziacha tupu mwishoni.

Jumatano, 28 Februari

Nimerudi Katuba na maquette mpya. Yule mama wa sauti ya kwanza amecheza wimbo mzima, kitabu kimetulia kiganjani mwake. Papa Mwenze amegusa zile kurasa tupu. "Izi njo za nyimbo mupya?" Nimesema ndiyo, ni zenu. Kaye tatu zilizoharibika nazo amezichukua. Korali ya watoto itajifunzia nyimbo humo. Nimemwambia safari hii hakuna haja ya vibanio.

Jumatatu, 4 Machi

Chola anachapa. Karatasi za jirani ni nzuri, na nyuzi nimezipima mwenyewe, mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Kaye saba. Chola akitoa rundo upande mmoja, sisi tunamalizia lililotangulia upande wa pili. Hakuna anayesubiri mtu. Mahindi mabichi yameanza, mama wa mikate sasa anatuchomea mahindi mlangoni.

Jumatano, 13 Machi

Ugomvi. Papa Damien anashona kaye kadiri zinavyofika, na leo kuna vitabu ambavyo ngazi imevunjika, kaye ya tisa imetangulia ya nane. Ngazi ilipiga kelele lakini yeye hakuwa akiangalia mgongo, alikuwa akihesabu kurasa kwa kidole. Mazoea! Nilifoka. Alivua miwani, akaifuta, akasema polepole, "Macho yangu imechoka, Chilufya. Kidole njo inanisaidia." Tumekubaliana Nono ndiye atakayetazama ngazi, na Papa Damien atashona tu, kwa maana mshono wake hauna wa kuulinganisha nao. Nimemletea hindi la kuchoma kama radhi, akalikubali.

Jumatatu, 18 Machi

Zote kumi na nne zimechapwa. Rundo la vitabu vilivyoshonwa limefika dirishani. Lévi anapaka gundi, ana gundi hadi kwenye ndevu. Kila mmoja anacheka na hakuna anayekwenda kasi ya kuharibu.

Alhamisi, 21 Machi

Mama Estelle aliingia chumbani, akavua vile viatu, akaketi karibu na Nono. Alianza kukunja. Anakunja vizuri, ana kidole gumba cha mtu aliyewahi kuifanya kazi hii. Nilimuuliza kama aliwahi kushona vitabu.

"Mbele ukuye mujini, Chilufya," alisema. "Mbele ata mashini haiyakuya." Kumbe alishona kabla yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekata cha mwisho. Mashine ya kukatia ilishuka, nikasikia mlio wake mzito, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze. Papa Mwenze alikuja na gari, tukapakia chini ya plastiki mvua ikinyesha. Alivihesabu, akatushika mkono kila mmoja wetu.

Jumapili, 24 Machi. Matawi

Asubuhi ilipambazuka kavu. Nilikwenda Katuba, na nilipofika barabarani ndipo nilipong'amua jambo ambalo mimi, Mkatoliki wa kuzaliwa, sikuwa nimelikumbuka hata mara moja: leo kila mtu ameshika tawi. Mkono mmoja tawi, mkono wa pili kitabu. Vile vya kwanza vingekuwa vimeanguka matopeni kufikia kona ya kwanza.

Walikuja wakicheza, korali zote, barabara nzima, matawi juu. Yule mama mnene alikuwa mbele, nywele zimesukwa, bila kibanio hata kimoja. Hakupambana na kitabu chake. Hakuna aliyepambana na kitabu chake. Walitazama maneno na kuimba. Nilisimama pembeni nikatafuta hata kidole gumba kimoja kinachohangaika, na sikukiona.

Mama Estelle alikuwa upande wa pili wa barabara. Sikujua kama angekuja. Naye alikuwa akitazama mikono.

Jumanne, 2 Aprili

Pasaka imepita, na asubuhi mashine yetu ya kukatia ilikuwa mahali pake. Hakuna aliyesema lolote kuhusu Ndola. Nilifagia, Papa Damien alitia uzi kwenye sindano akiulenga kwa kidole, Nono alisimulia habari za mabati ya nyumba yake.

Saa nne mlango ulifunguliwa. Mama Estelle aliingia na mteja, mwalimu wa Ruashi anayetaka kijitabu cha masomo kwa wafanyakazi wa mgodini. Alimpita Lévi na ordinateur yake, akampita Chola na mashine yake, akavuta kiti cha meza yetu.

"Ikala hapa, mwalimu," alisema. "Kazi inaanziaka hapa."

Lévi aliziba mlango kwa mabega yake, nyaya zake za muziki zimening'inia shingoni, akisubiri kusikia. Mwalimu alianza kutoa karatasi zake mkobani, nikamwomba aziache kwanza. Nilichukua karatasi moja nyeupe, nikaikunja mbele yake, nikampa.

"Bale bantu yako, mwalimu," nilimuuliza, "batakisomeaka wapi? Na batakishikaka kwa mukono moya ao mbili?"